Kanisa la Mwenge la Thogoto

Kanisa la Kipresbiteri halina askofu, na mtu asiyelizingatia neno hili hataifahamu vema historia ya Kanisa la Mwenge la Thogoto, lililoko karibu na mji wa Kikuyu, magharibi ya Nairobi. Kwa maana kila jambo kubwa lililolipata kanisa hilo tangu kuasisiwa kwake, liwe la heri au la shari, lilirejea katika suala moja lisilozeeka, nalo ni kwamba ni nani mwenye haki ya kuketi barazani na kutoa shauri katika mambo ya Mungu. Wengine wameiandika habari ya Thogoto kama habari ya wamishenari mashujaa, na mashujaa walikuwapo bila shaka. Lakini mimi naona kwamba sifa ya kanisa hili imo zaidi katika yale mabaraza yake ya wazee, ambayo yalianza na Waskoti peke yao, yakapanuka pole pole na kwa uchungu, mpaka yakawa ya wenyeji wenyewe.

Misioni iliyolianzisha kanisa hilo haikuzaliwa ndani ya Kanisa, bali miongoni mwa matajiri. Katika mwaka wa 1891 Sir William Mackinnon, mwenye merikebu nyingi za moshi na mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, pamoja na baadhi ya wenziwe katika uongozi wa kampuni hiyo, akiwamo Alexander Low Bruce aliyekuwa mkwe wa David Livingstone, walichanga fedha zao wenyewe ili kupeleka bara wahubiri, matabibu na mafundi, na safari hiyo wakaikabidhi kwa Dakta James Stewart, mkuu wa chuo cha Lovedale huko Afrika ya Kusini. Msafara ukaondoka pwani na wapagazi wake, ukapita nyika ya Taru isiyo na maji, ukatua Kibwezi katika nchi ya Ukambani, mahali palipopendeza macho kwa chemchemi na vivuli vyake, ambapo misafara yote iendayo Uganda ilikuwa ikipita. Lakini maji yale yaliyowavuta wageni ndiyo yaliyozaa mbu, na homa ikawashukia hao Waskoti mmoja baada ya mmoja, wengine wakafa, wengine wakarudi kwao wakiwa dhaifu, hata katika mwaka wa 1898 ikaazimiwa kwamba kazi yote ihamishwe ipelekwe penye baridi, katika nchi ya Wakikuyu.

Aliyeihamisha alikuwa Thomas Watson, mmoja wa wale wachache waliosalia. Alifika uwandani wakati mbaya kupita nyakati zote, kwa kuwa mwisho wa karne ile mvua zilikatika, nzige na maradhi ya mifugo vilikwisha kuwaondolea watu riziki, na baada ya njaa ikaja ndui, ikamaliza watu wa vijiji vizima. Kazi ya kwanza ya misioni katika Ukikuyu, basi, haikuwa mahubiri. Ilikuwa ni kuwalisha wenye njaa na kuwatunza wagonjwa waliotupwa porini. Watson mwenyewe akashikwa na ugonjwa wa mapafu, akafariki katika mwaka wa 1900, muda mfupi tu baada ya mchumba wake Minnie kumfuata kutoka Scotland na kufunga naye ndoa. Wengi walimtazamia bibi huyo kijana arudi kwao. Hakurudi. Alibaki peke yake akiisimamia misioni mpaka mkuu mpya alipowasili, akaendelea kufundisha watoto na kuwalea wasichana waliomkimbilia, hata alipoondoka katika mwaka wa 1931 alikuwa amewafundisha watoto wa wale aliowafundisha mwanzo. Na alipofariki kwao katika mwaka wa 1949, majivu yake yaliletwa Thogoto yakazikwa huko alikozikwa mumewe. Ningependa waandishi wa historia wampe Bibi Watson kurasa nyingi kuliko wanazompa, kwa kuwa kama si subira yake, pasingalikuwa na misioni ya kukabidhiwa mtu.

Kanisa la Scotland likaichukua rasmi misioni hiyo mwanzoni mwa karne ya ishirini, na wenyeji, ambao ndimi zao hazikulizoea jina la Scotland, wakapaita mahali pale Thogoto. Mkuu mpya alikuwa Kasisi David Clement Scott, aliyefika mwaka wa 1901 kutoka Blantyre katika nchi ya Nyasa, ambako alikwisha kutunga kamusi kubwa ya Kimang'anja na kusimamia, kwa mikono ya mafundi Waafrika, ujenzi wa kanisa la fahari la matofali ambalo watu wanalistaajabia mpaka leo. Mtu huyo aliamini, katika zama ambazo Wazungu wenzake wengi hawakuthubutu hata kuliwaza jambo hilo, kwamba Mwafrika ataliongoza Kanisa la Kristo kwa haki yake mwenyewe. Ila kwa upande mwingine alitwaa kwa ajili ya misioni shamba kubwa la maelfu ya ekari, akitumaini kwamba kilimo na ufundi vitaikimu kazi ya Injili, na ardhi hiyo ikawa chanzo cha manung'uniko ya muda mrefu kati ya misioni na majirani zake. Alifariki katika mwaka wa 1907. Mwaka huo huo, kwenye siku ya kwanza ya Januari, aliwasili tabibu kijana kutoka Glasgow, John William Arthur, ambaye Wakikuyu wangemjua kwa miaka thelathini, wengine wakimpenda na wengine wakimchukia, na pengine mtu yule yule akimpenda na kumchukia kwa zamu.

Dakta Arthur alianzisha hospitali, ambayo hata leo yaitwa Hospitali ya Kikuyu na ambayo kitengo chake cha macho, kilichofunguliwa katika mwaka wa 1975, kinawavuta wagonjwa kutoka mbali. Shule, kiwanda cha maseremala na hospitali vilikuwa ndiyo milango mitatu ya kuingilia misioni, na kila mlango uliwapitisha watu wa namna yake. Mmoja wa walioingia alikuwa kijana yatima aitwaye Kamau wa Ngengi, aliyefika mwishoni mwa mwaka wa 1909, akatibiwa, akasoma, akafundishwa useremala, akabatizwa mwezi wa Agosti 1914 kwa jina la Johnstone. Naye ndiye aliyekuja kuitwa Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya. Misioni zilianzishwa pia Tumutumu, kule Nyeri, katika mwaka wa 1908, na Chogoria, katika nchi ya Meru, katika mwaka wa 1922, ila katika makala hii nitajizuia nisizifuate, kwani kila moja ina historia yake kamili.

Mwezi wa Juni 1913 jina la Kikuyu lilienea ghafla katika magazeti ya London. Wajumbe wa misioni za Kiprotestanti, wakiwamo Maaskofu wawili wa Kiangilikana, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, walikusanyika Thogoto kushauriana jinsi misioni zao zitakavyoshirikiana, maana waliona haya kwamba Mwafrika aliyebatizwa katika wilaya moja ahesabiwe mgeni akivuka mto na kuingia wilaya nyingine. Wakatunga mapatano ya awali juu ya msingi wa Maandiko Matakatifu na Imani za kale za Kanisa. Na siku ya mwisho Askofu Peel akaadhimisha Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti kwa taratibu ya Kiangilikana, na Wapresbiteri na wengineo wakala na kunywa pamoja na Waangilikana. Habari hizo zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston, mtu mwenye elimu kubwa na mwenye kuwapenda Waafrika kwa dhati, alighadhibika mno, akawashtaki wale maaskofu wawili mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury kwa kosa la uzushi, kwa hoja kwamba pasipo askofu hapana Kanisa, na kwamba kuwapa Meza watu wasiowekewa mikono na askofu ni kuibomoa nyumba yenyewe. Ugomvi huo ukawashughulisha wanazuoni wa Uingereza kwa muda mrefu, huku Wakikuyu waliokuwa sababu yake wakiendelea kulima mashamba yao bila ya kuulizwa rai.

Sijaona tukio lionyeshalo dhahiri zaidi tofauti ya imani mbili hizi kuhusu mamlaka, na kwa hiyo naomba nikae hapo kitambo. Weston hakuwa mtu wa chuki. Aliamini kwamba neema inashuka kwa silsila ya maaskofu tangu Mitume, na silsila ikikatika, kila kitu kinabaki katika shaka. Wapresbiteri wa Thogoto nao waliamini kwamba Mitume waliwaachia makanisa wazee, na kwamba wazee hao wakiketi pamoja katika sala na Maandiko, Roho Mtakatifu hulinena neno lake barazani bila ya kuhitaji kiti cha enzi cha mtu mmoja. Mahasimu hao wa 1913 ndio waliotiwa na vita vya 1914 katika mzigo ule ule. Serikali ilipowakusanya Waafrika kwa maelfu wawe wapagazi wa jeshi katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na wapagazi wakawa wanakufa kwa kuhara, kwa njaa na kwa uchovu kuliko askari waliokufa kwa risasi, Askofu Weston aliunda na kukiongoza yeye mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Unguja, na Dakta Arthur, katika mwaka wa 1917, akawaongoza wajitolea wa misioni za Ukikuyu, zaidi ya 1,500, ambao kwa kuwa walikuwa na matabibu wao na viongozi waliowajua kwa majina, walirudi makwao wengi wao wakiwa hai, jambo ambalo vikosi vingi vingine havikulipata. Katika mwaka wa 1918 mkutano wa pili ulifanyika Kikuyu, naye Weston akaja kwa miguu yake mwenyewe kukaa na wale aliowapinga na kuwaletea mashauri yake ya umoja. Hawakupatana juu ya uaskofu. Hata hivyo misioni za Kiprotestanti zikafunga mwafaka wa ushirika, na kutokana na mwafaka huo ikazaliwa shule ya Alliance, iliyofunguliwa mwezi wa Machi 1926 kwenye ardhi iliyo karibu na misioni, ambayo ilikuwa shule ya kwanza ya sekondari kwa Waafrika wa Kenya na ambamo walisoma mawaziri, majaji na madaktari wengi wa taifa jipya.

Barazani kwenyewe mambo yalikwenda taratibu. Wazee wa kwanza Waafrika waliwekwa wakfu mwaka wa 1920, na mwaka wa 1926 wakawekwa wachungaji watatu wa kwanza, Musa Gitau, Benjamin Githieya na Joshua Matenjwa. Hapo mtu angedhani kwamba njia imenyooka.

Ndipo ukaja mwaka wa 1929. Matabibu wa misioni walikuwa wameona kwa macho yao, katika vyumba vya kuzalishia, madhara ya tohara ya wasichana, na tangu zamani Dakta Arthur alikuwa akiipinga. Mwaka huo misioni ikawataka Wakristo wake, na hasa walimu na watumishi wake, watie saini au alama ya kidole gumba kuthibitisha kwamba wameiacha mila hiyo na, fauka ya hayo, kwamba hawatakuwa wafuasi wa Chama cha Kikuyu Central Association kilichoitetea. Waliotia alama wakaitwa kirore, na waliokataa wakajiita karing'a, yaani walio safi. Ngoma ya Muthirigu, iliyowatukana wamishenari na machifu kwa majina, ikachezwa usiku kucha kutoka kijiji hadi kijiji mpaka serikali ikaipiga marufuku. Shule zikabaki tupu, washiriki wengi wakaondoka wasirudi, na wazazi wakajenga shule zao wenyewe zisizo chini ya misioni yo yote. Dakta Arthur, aliyekuwa mjumbe katika baraza la serikali, akalazimika kuacha kiti chake.

Mimi siamini kwamba misioni ilikosea katika kuwahurumia wasichana. Mwili wa msichana una heshima yake mbele ya Muumba, na tabibu aonaye mwanamke akifa kwa uzazi hana ruhusa ya kunyamaza. Lakini kuichanganya dhamiri ya mtu na siasa yake katika karatasi moja, na kumlazimisha aitie kidole hadharani au apoteze kazi, kulikuwa ni kinyume cha kanuni ya Wapresbiteri wenyewe, ambao mababu zao huko Scotland waliteswa kwa kukataa viapo vya wafalme, na ambao Ungamo lao la Westminster linasema wazi kwamba Mungu peke yake ndiye Bwana wa dhamiri. Hilo ndilo lililowauma Wakikuyu kupita yote: hawakuketishwa wakashauriwa kama ndugu, waliamriwa kama watumishi. Wale wachache waliobaki, Musa Gitau akiwa miongoni mwao, walistahimili dhihaka za jamaa zao na upweke mkubwa; na katika hali hiyo ya upungufu ndipo lilipokamilishwa jengo kubwa la mawe lenye mnara, Kanisa la Mwenge, likafunguliwa katika mwaka wa 1933. Walijenga wakati ambapo mtu mwenye hesabu za dunia angesema kwamba hakuna haja ya jengo.

Imani inayokiriwa ndani ya jengo hilo ni ile ya Matengenezo ya Kanisa kama John Knox alivyoileta Scotland kutoka Geneva katika karne ya kumi na sita. Mungu ndiye Mwenye enzi yote, na wokovu wa mwanadamu ni hiba yake, haununuliwi kwa amali wala kwa ibada. Yesu Kristo peke yake ndiye kichwa cha Kanisa, na kwa sababu hiyo hapana mtu wala serikali iwezayo kudai kiti hicho. Maandiko ya Agano la Kale na Jipya ni hakimu wa mafundisho yote, yakiwa juu ya mapokeo na juu ya mabaraza, kwa kuwa baraza nalo laweza kukosa. Sakramenti ni mbili tu, Ubatizo na Meza ya Bwana. Watoto wachanga wa waumini hubatizwa, si kwa kudhani kwamba maji yanaokoa, bali kwa kuwa ahadi ya Mungu kwa Ibrahimu ilikuwa kwake na kwa uzao wake, na mtoto yu ndani ya agano kabla ya kulifahamu, kama vile alivyo ndani ya ukoo kabla ya kujua jina lake. Katika nchi za watu waliohesabu uhai wao kwa ukoo na rika, mafundisho haya ya agano hayakuwa mageni sana, na nadhani yalifungua mioyo mingi ambayo hotuba za wokovu wa mtu mmoja mmoja zisingaliifikia.

Uongozi nao umo katika imani, haukutengwa nayo. Kila ushirika huchagua wazee wake, wanaume na wanawake, ambao huwekwa wakfu na kupewa mtaa wa kuutunza. Mzee hujua nyumba za mtaa wake, ni nani mgonjwa, ni nani aliyefiwa, ni nani aliyegombana na jirani yake asiweze kuikaribia Meza ya Bwana kwa moyo safi. Wazee pamoja na mchungaji huunda baraza la ushirika. Juu yake ipo presbiteri, ambamo wachungaji na wazee wa makanisa jirani huketi kwa usawa. Na juu ya yote upo Mkutano Mkuu, ambao mwenyekiti wake, Moderata, huchaguliwa kwa muda, na muda ukiisha huondoka kitini, akabaki mchungaji kama wenziwe. Mtu aliyelelewa katika mila ya baraza la wazee chini ya mti hashangai kuona kwamba taratibu hii ilikubaliwa upesi kuliko mambo mengine mengi yaliyoletwa na meli.

Baada ya Vita Kuu ya pili mambo yalikwenda mbio. Katika mwaka wa 1946 misioni ya Kambui, iliyoanzishwa na Waamerika, iliungana na ushirika wa Waskoti, na katika mwaka wa 1956, katikati ya Hali ya Hatari, wakati ambapo Wakristo wengi wa Ukikuyu walikuwa wamebanwa kati ya kiapo cha wapiganaji wa msituni na bunduki ya serikali, sinodi ya Waafrika na presbiteri ya Wazungu wa Kenya zikawa Kanisa moja, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki. Kuungana katika mwaka kama huo kulihitaji imani ambayo siwezi kuieleza, na wengi waliolipia imani hiyo kwa damu yao hawakuandikwa katika vitabu. Mwafrika wa kwanza kuwa Moderata, Charles Muhoro Kareri wa Tumutumu, alichaguliwa katika mwaka wa 1961, miaka miwili kabla ya uhuru wa nchi.

Aliyeitimiza fikra ya kujitawala alikuwa John Gatu, Katibu Mkuu wa kwanza Mwafrika. Katika mwaka wa 1971, mjini Milwaukee, Marekani, alisimama mbele ya watu wa misioni akawaomba wasite kwa muda kupeleka Afrika watu na fedha, ili makanisa ya Afrika yajifahamu yenyewe na yasimame kwa miguu yake. Maneno hayo yaliwachoma wengi, wakayaona kuwa ni utovu wa shukrani. Wasiomjua walidhani anamfukuza mgeni. Waliomjua walifahamu kwamba anamtetea mwenye nyumba asiendelee kuwa mgeni nyumbani kwake. Kanisa lake likajiwekea wito wa neno moja la Kiswahili, Jitegemea, na chini ya wito huo washirika wakaanza kulipa wachungaji wao, kujenga makanisa yao kwa harambee na kuzisimamia hospitali zao tatu za Kikuyu, Tumutumu na Chogoria.

Lipo baraza moja ambalo lilichelewa kufunguka kuliko yote. Akina mama wa Kanisa hili, tangu siku za Bibi Watson, ndio waliofundisha, waliouguza, waliochanga na kuwaombea wagonjwa nyumba kwa nyumba, na Chama cha Wanawake kikawa na nguvu ushirika mzima. Lakini mwaka ule wa 1929, walipokuwa wakijadiliwa miili yao na mabinti zao, hapakuwa na mchungaji mwanamke hata mmoja wa kulipiga kura jambo hilo. Katika mwaka wa 1982 presbiteri ilimwekea mikono Nyambura Njoroge, mwanamke wa kwanza kuwa mchungaji katika Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, akaketi barazani na wazee na wachungaji wengine akiwa na sauti sawa na yao. Na tangu hapo wanawake wengine wamemfuata madhabahuni.